Hesabu za Jumanne Usiku

Thunder Bay, Januari. Barafu imeukaba mlango
mpaka Raili ausukume kwa bega.
Ndani zipo meza sita, zilizo sawa tano;
ya sita imeinama kidogo kuelekea chooni,
na kila mpira unaopigwa polepole
hupinda njiani, kama mtu aliyekumbuka haja.

Walijiandikisha thelathini na wawili.
Wamefika kumi na tisa.
Ratiba ukutani ina mapengo kumi na matatu,
kinywa cha mtoto wa darasa la kwanza.
Dola ishirini kila kichwa: mia tatu na themanini.
Na bango dirishani, aliloliandika mwenyewe
mwezi wa kumi, akiwa na moyo mkubwa na kalamu nene,
linasema: MSHINDI DOLA MIA NNE, HAKIKA.
Wa pili mia na hamsini.
Hilo neno la mwisho la mstari wa kwanza
ndilo linalomla.

Teemu, mpwa wake, anamwambia kila wiki:
kata asilimia kumi, shangazi, hata kanisa hukata.
Alikata mwaka jana, mara moja.
Watu walinuna mpaka Pasaka.

Faida iko kwenye bia, kila mtu anajua.
Lakini anayejua kucheza hanywi,
na anayekunywa hutolewa raundi ya kwanza,
akavaa koti, akaenda kunywea kwake.
Wanaobaki hadi usiku wa manane
wanaomba maji ya bomba. Na barafu.
Barafu! Na nje imejaa bure.

Kisha Arvo Pelto, daraja la tatu,
daraja la tatu mwaka wa nne huu,
mkono unaotetemeka kwa huruma ya umma
na kupona ghafla kwenye nusu fainali.
Delphine Boucher amekuja na karatasi za ushahidi,
tarehe, mabao, majina ya mashahidi.
Raili anazisoma zote akiwa amesimama.
Akimpandisha Arvo daraja, Arvo hatarudi,
wala shemeji zake wanne, wanywaji wazuri.
Asipompandisha, ataondoka Delphine.
Anasema, "Nitalitazama."
Amelitazama tangu Novemba.

Chaki zilitoka kumi na mbili, zimerudi saba.

Saa saba na nusu za usiku, kitambaa cha meza ya kwanza kinachanika
chini ya fimbo ya kijana mwenye pupa,
sauti ndogo, kama suruali ya mtu kanisani.
Hakuna anayecheka. Wote wanamtazama Raili,
na Raili anaona dola mia tatu na arobaini zikitembea.
Fainali inahamia meza ya sita.

Arvo anapiga sawa, na meza inamsaliti.
Wendell Moonias, aliyeendesha saa nne kutoka Longlac
na atakayeendesha saa nne kurudi,
alikwisha kuisoma meza hiyo tangu jioni, akisubiri zamu yake.
Anaulenga mpira mweusi mahali pasipo na mfuko,
anaugusa tu,
na mteremko unafanya kazi iliyobaki.

Raili anahesabu noti mkononi mwa Wendell, kisha mwa Arvo.
Anafungua daftari. Mali bila daftari
hupotea bila habari; yake hupotea
na habari zake zote, kwa tarehe, kwa wino wa buluu:
viingilio, zawadi, baa mia na thelathini na mbili,
Teemu sitini. Hasara tisini na nane.
Kitambaa hajakiandika.

"Jumanne ijayo?" Wendell anauliza mlangoni,
theluji ikimpita na kuingia.
"Njoo na wenzako," anasema. "Wanaokunywa."

Kisha peke yake, mkasi wa jikoni mkononi,
anaking'oa kipande cha bango, HAKIKA,
anakikunja mara nne,
anakisukuma chini ya mguu wa meza ya sita.
Anaweka mpira mweupe, anausukuma kwa kidole.
Unakwenda. Unakwenda.
Karibu na mwisho, unaanza kupinda.